Usingizi Unaomkamata Mume Wangu Mlimani

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu za dada yako. Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya cherehani, kitambaa nimekisukuma pembeni, na mwandiko ukikushinda naomba radhi, shule niliishia njiani ingawa Neno la Mungu nalisoma mwenyewe bila kusomewa. Nakuomba unisaidie upesi kwa sababu jambo lenyewe lina siku yake, na siku yake ni Jumamosi hii.

Mimi ni mke wa mtu na kazi yangu ni kushona, mapazia, mashuka na viti vya magari, na mume wangu ni dereva wa pikapu yake mwenyewe, ya dizeli, ya zamani, anapakia saruji na mbao na mabati mjini na kuyaleta huku kwetu ng'ambo ya mlima. Hiyo pikapu jina lake ni Babu. Tafadhali sana mshauri, ukisoma barua hii hewani jina hilo usilitaje, sema tu gari, maana mume wangu hukusikiliza kila siku akiwa barabarani, redio ya Babu haishiki stesheni nyingine ila yenu, na akilisikia atajua ni mimi niliyesema, na mimi nimeapa. Hicho kiapo nitakifikia.

Babu ni gari la heshima lakini mlimani alikuwa anatuaibisha, akipakiwa tu anapanda kama mzee mwenye pumu, na magari yote yanampita, hasa la kijana mmoja jirani yetu mwenye pikapu mpya ambaye sisi tunamwita Bwana Pole, kwa sababu kila akimpita mume wangu hutoa kichwa dirishani na kusema, "Pole, mzee!" kisha huyoo, amepotea kwenye kona. Mshauri, neno hilo moja limemtesa mume wangu kuliko jino bovu. Anaingia ndani, ananawa, anakaa mezani, halafu anasema peke yake, "Pole. Eti pole."

Ndipo akaenda kwa fundi wake wa magari, ambaye watu humwita Daktari, si kwa kusoma bali kwa lile koti lake lililokuwa jeupe zamani, na Daktari akafungua boneti, akasikiliza, akamwambia, "Mzee, huyu Babu si mgonjwa. Amepungukiwa mapafu tu. Niachie nimtie mapafu ya lori." Mapafu yenyewe ndiyo hiyo wanayoiita tabo. Nilikuwa siijui, mume wangu akanieleza tukila, kwamba ni chuma mfano wa konokono mkubwa, moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni iliyo ndani yake, na hiyo feni inaisukumia injini hewa kwa nguvu, injini inapata pumzi, gari linapanda. Babu alizaliwa na ndogo, imechoka, inatema oili. Hii ya sasa ilitolewa kwenye lori lililokufa, ni kubwa, na mdomo wake ukakataa kukaa kwenye manifoldi ya Babu, yaani kile chuma chenye vidole kinachopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Daktari akasema hilo si neno, akakitupa kile chuma cha asili, akamwita jirani yake anayechomelea mageti, wakakata mabomba, wakaunga vidole kimoja kimoja, wakapata manifoldi yao. Ya mabomba ya mageti, mshauri. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka viti nilivyovishona upya. Nikauliza, "Shemeji, hiyo itahimili moto?" Akacheka, akasema, "Shemeji, wewe shona, mimi nifunge. Kila mtu na sindano yake."

Na kwa kuwa konokono huyo ni mkubwa nafasi ikawa finyu, ikabidi waondoe bati la kukinga joto, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu yetu wakaukata kidogo ili bomba lipate pa kupita, na penye uwazi Daktari akapasokomeza kitambaa, tena ni kipande cha viti vyangu, nilikitambua kwa rangi.

Sitasema uongo, siku za mwanzo tulifurahi. Babu alipanda mlima akipiga mluzi kama mtu aliyepokea habari njema, na tulipomkuta Bwana Pole kwenye ile kona kali, mume wangu akateremsha kioo, akatoa kichwa na mvi zake zote, akasema, "Pole, mwanangu!" Alicheka mpaka machozi. Nilimshukuru Mungu, maana mume wangu alikuwa hajacheka hivyo tangu binti yetu aolewe.

Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuniingia. Jioni moja tulisimama juu ya mlima, akafungua boneti aangalie maji, na giza lilikuwa linaanza kushuka, nikaona ile manifoldi imewaka, mshauri, nyekundu kama kaa la moto, na konokono naye nyekundu. Nikarudi nyuma nikiita jina la Bwana. Tulipomwambia Daktari akasema tabo zote ndivyo zilivyo zikifanya kazi, hata mama akipika jiko huwa jekundu, sasa mnashangaa nini? Baadaye ule mluzi ukabadilika, ukawa chwi-chwi-chwi, kama kuku anayeita vifaranga, na nguvu za Babu zikaanza kupungua tena, na kila zikipungua Daktari anaifungua pampu aongeze dizeli, na kila akiongeza moshi unakuwa mweusi zaidi, siku hizi tukipanda watoto wa shule hufunika pua na kupiga kelele, "Babu anakohoa!" Na mimi nikitoka humo nikapenga, leso yangu ina masizi, nikasema ni vumbi la mjini.

Hayo ya vyuma nimekueleza ujue tu maisha yetu yalivyo. Yaliyonifanya nichukue kalamu ni mengine. Ni usingizi.

Tangu mvua zianze tunafunga vioo, na tukifika katikati ya mlima, mume wangu anashikwa na usingizi usio wa kawaida. Mtu aliyelala vizuri, amekunywa chai, hana homa. Namwona kichwa kinashuka. Mara ya kwanza nikamwita, "Baba Watoto!"

"Nini?"

"Umefumba macho."

"Nilikuwa nasali."

"Na usukani ulikuwa umemwachia nani, malaika?"

Alikasirika, lakini safari iliyofuata ikawa vile vile, na nyingine, mpaka siku moja akaliweka gari pembeni mwenyewe, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya Biblia inayokaa kwenye dashibodi, akaniambia, "Mama Watoto, nadhani ni uzee, au ni ugonjwa wa kichwa, sijui. Niapie hutamwambia mtu. Dereva anayesinzia ni kama mpishi anayetemea chungu, nani atampa kazi tena?" Nikamwangalia, macho yake yalikuwa mekundu, na mume wangu si mtu wa kulia. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sitamwambia mtoto wala ndugu wala mchungaji. Wewe si mtoto wala ndugu wala mchungaji, ndiyo maana nimekuandikia, na hata hapo sijui kama nimetenda dhambi.

Tangu hapo nikawa nasafiri naye. Cherehani nimeifunika. Kazi yangu ni kumwimbia pambio, nikiona kichwa kinashuka nampiga kofi la begani. Lakini na mimi mwenyewe kichwa kinaniuma humo ndani, kama nimefungwa kamba, moyo unaenda mbio, nataka kutapika, nadhani ni kwa kumhangaikia. Lakini Mungu hamtupi mja wake, tumegundua tukifika juu tukashuka, tukasimama pale penye jiwe kubwa, tukashikana mikono na kusali, maumivu yanaondoka yote, tena upesi, mume wangu anakuwa macho kabisa, anatania. Tukirudi ndani ya gari, haichukui muda, hali ni ile ile. Ndiyo maana nikaamini kuna kitu humo ndani. Nimelipaka gari mafuta ya upako kwenye milango. Nimefunga nikasali, nikawaomba na akina mama wenzangu wa maombi waniombee bila kuwaambia ni kwa nini. Hasidi hana sababu, mshauri, na lile gari limewauma watu wengi lilipoanza kupanda.

Sasa sikiliza. Binti yetu, kitinda mimba wetu, amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, mjukuu wetu wa kwanza, na Jumamosi anaruhusiwa kutoka hospitali kuja kupumzika kwangu. Mkwe wetu alitaka kumleta kwa gari la rafiki yake, mume wangu akakataa mbele ya watu, akasema, "Mjukuu wangu wa kwanza atapanda gari la babu yake, na atalala usingizi mpaka nyumbani." Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nikajisemea, na wewe babu mtu usipolala.

Lakini maandalizi nimeyafanya, maana mtoto mchanga hatakiwi kupigwa na upepo. Nimeshona sponji nene kuzunguka milango yote miwili, nikabandika mpira kwenye vioo, upepo haupiti hata wa kutikisa uzi. Na joto tunalo la bure, linatoka lenyewe chini miguuni, pale kitambaa cha Daktari kilipoungua kikaanguka, linapuliza pole pole kama jiko. Nimekwisha kupanga, binti yangu ataweka miguu pale, nami nitampakata mtoto karibu na hilo joto.

Juzi tukaenda mjini, ndiyo safari ya kwanza na hizo sponji. Wakati wa kurudi, na saruji nyuma, nikaanza wimbo. Sikumbuki nilifika ubeti gani. Ninachokumbuka ni honi, honi inalia haiachi, gari limesimama, gurudumu moja liko kwenye mtaro na mbele yetu hakuna kitu, mshauri, ni bonde tupu, na mume wangu amelalia usukani. Nami nilikuwa namwona! Nilikuwa namwona kwa macho yangu na siwezi kuinua mkono. Nilitaka kusema Baba Watoto amka, mdomo haukunitii. Nikajua huku ndiko kufa, na nikamwambia Mungu moyoni, basi, lakini si na mtoto.

Aliyefungua mlango ni Bwana Pole. Alikuja anakimbia, nikamsikia, "Pole, mz..." hakumaliza. Akatuvuta nje mmoja mmoja, akatulaza kwenye majani, mvua inatunyeshea. Akarudi kuzima gari, akatoka amejiziba pua kwa shati, akauliza, "Mama, humu ndani mnapika nini?" Mume wangu alipoweza kuinuka akamwambia, "Tumechoka tu, mwanangu, safari ndefu." Nyumbani akaniambia, "Umeapa." Nikasema ndiyo.

Usiku ule ufunguo wa Babu ulikuwa umetundikwa msumarini, nikautazama sana, nikasema nikiuficha nitakuwa mwizi ndani ya nyumba yangu, nikauacha.

Basi, mshauri, nifanye nini? Nivunje kiapo nimwambie mkwe wangu kwamba mume wangu ni mgonjwa? Kuna dawa ya usingizi wa aina hii, au kuna sala? Na ile tabo yaweza kulipuka, maana na hilo nalo linaninyima raha? Barua hii nakuja kuitia mwenyewe kwenye sanduku la mlangoni kwenu. Nijibu kabla ya Jumamosi, na nisitiri.

Ni mimi mama, mke wa dereva, mwenye hofu.


JIBU LA MSHAURI

Mama wa cherehani,

Leo ni Ijumaa asubuhi. Kipindi changu si cha saa hii, nimemwomba mtangazaji wa muziki anipishe, na barua za wenzako waliotangulia zitanisamehe. Yako niliianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama.

Pole nitakupa baadaye. Kwanza pokea jibu: mtoto huyo asipande gari hilo. Binti yako asipande. Wewe usipande, na mume wako asiliwashe hata kwenda dukani.

Mume wako si mgonjwa, mama. Hana uzee wala pepo wala ugonjwa wa kichwa. Anavuta sumu, na wewe unavuta naye. Umeniandikia habari mbili ukadhani kila moja ina njia yake, ya vyuma huku na ya usingizi kule. Ni habari moja. Ile manifoldi ya mabomba ya mageti imepasuka, ndiyo ile chwi-chwi-chwi unayoisikia. Moshi wa injini, badala ya kwenda wote kwenye tabo na kutoka nyuma, unavuja mbele na kuingia kwenye lile tundu walilolikata miguuni penu. Na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unaijua hewa hiyo, kila mama anaijua. Ni ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa, asubuhi majirani wakavunja mlango. Ulipoandika kwamba joto linapuliza "kama jiko" ndipo niliposimama. Ni jiko kweli. Na wewe, kwa mapenzi yako yote na sindano yako yote, umelizibia chumba.

Mimi si fundi. Nilimpigia mama mmoja anayetengeneza injini za dizeli, nikaanza kumsomea. Sikufika kwenye sponji. Alinikata akasema, "Wako wapi hao watu? Waambie washuke." Nikamsomea iliyobaki mpaka mwisho. Kisha akanieleza, nami nakueleza. Tabo ya lori ni nzito, manifoldi ya asili ni ya chuma cha kumimina, imeumbwa kubeba uzito na moto huo. Bomba la geti limeumbwa kukaa getini. Likiwa jekundu linalegea, konokono analining'inia na kutikisika, viungo vinafunguka. Moshi ukivuja tabo inakosa wa kuizungusha, gari linapoteza nguvu, na fundi wenu badala ya kutafuta ufa anaongeza dizeli, joto linapanda, ufa unakua, na moshi mweusi huo ndio wenye sumu zaidi. Kwa hiyo kila alipowatibu alikuwa anawazidishia. Wewe ulimuuliza swali sahihi kabisa siku ile, akakuambia ukashone. Kesho ukimwona mwambie sindano yake imekuchoma.

Umeuliza kama inaweza kulipuka. Moto ndiyo, waweza kuwaka, vyuma vyekundu na oili na bati la kinga limetupwa, hofu yako si ya kijinga. Lakini moto una adabu kuliko huyu adui asiyeonekana, moto utauona. Huyu anakuimbisha wimbo ukiwa unakufa.

Sasa kuhusu zile sala za penye jiwe. Sikunyang'anyi imani yako, hata kidogo. Mlisali na Mungu akawajibu. Ila jibu lake lilikuwa hili: mlipona kwa sababu mlishuka. Kila siku alikuwa anawaonyesha, nje uzima, ndani kifo, nje uzima, ndani kifo, nanyi mnasema amina na kurudi ndani! Mafuta ya upako umeyapaka milangoni, na adui alikuwa anaingia sakafuni. Na huyo mliyemdhania ana kijicho, Bwana Pole, ndiye aliyewalaza kwenye majani. Mkampa uongo kama shukrani. Nendeni kwake leo, wote wawili, mkamwambie asante, na mume wako aiseme kwa sauti ile ile aliyosemea "pole, mwanangu."

Kiapo. Mama, kiapo cha kumlinda mtu aibu hakiwezi kugeuka kiapo cha kumzika mtoto. Hata mume wako alipokuapisha hakujua anaapisha juu ya nini, maana alidhani anaficha ugonjwa wake, kumbe anaficha ufa wa chuma. Hicho unachoogopa kukitaja hakipo. Huna siri ya kuvunja.

Na ufunguo, ungeuficha! Mwizi ni anayechukua ili apate yeye. Uchukue sasa hivi, uutie kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, ukalie kiti. Akiuliza, mwambie mshauri wa redio ndiye aliyeuiba.

Kisha mpigie mkwe wako, aje na gari la rafiki yake kama alivyotaka tangu mwanzo. Mjukuu atapanda gari la babu yake siku babu yake atakapokuwa na gari. Nyinyi wawili mwende hospitali leo, msingoje kesho, mseme wazi kwamba mmevuta moshi wa injini ndani ya gari lililofungwa mpaka mkapoteza fahamu. Tamkeni hivyo hivyo, msiseme "tumechoka tu," ili daktari wa kweli, siyo yule wa koti, ajue cha kupima.

Gari livutwe kwa kamba, lisiendeshwe, lipelekwe kwa fundi mwingine. Atafute manifoldi ya asili ya chuma cha kumimina, na tabo ya saizi ya injini hiyo, siyo ya lori. Gasketi za kuziba maungio ziwe mpya, bati la kinga lirudi, dizeli ya pampu irudishwe kwenye kipimo chake cha kwanza, na lile tundu la miguuni lizibwe kwa bati lililochomelewa, si kwa kitambaa cha mtu. Sponji zako zing'oe kwanza, mpaka fundi awashe injini akague kidole kwa kidole na aseme hakuna kinachovuja. Babu atapanda pole pole. Apande pole pole. Mlima haujawahi kumcheka mtu aliyefika.

Pole sasa, mama. Pole ya kweli. Umekaa kwenye kiti hicho ukimpiga mumeo makofi ya begani ili aishi, na wewe mwenyewe unazimika, na neno ulilodhani ni lako la mwisho lilikuwa "si na mtoto." Mungu alisikia. Nami nimesikia.

Limebaki moja. Uliniomba nisilitaje jina la gari, na wasikilizaji wote wamenisikia nikilitaja nilipowasomea barua yako, mara ya kwanza na zote zilizofuata. Nimefanya kusudi. Wewe hukuvunja kitu, nimevunja mimi, atakayelaumu anilaumu mimi. Ningekutumia jibu hili mkononi lakini hukuweka namba wala mtaa, na mumeo redio yake haishiki stesheni nyingine.

Kwa hiyo hili ni lako, baba. Wewe dereva wa Babu. Kama umetangulia kuondoka nyumbani kabla mkeo hajanisikia, kama sasa hivi uko mlimani na kichwa kimeanza kuwa kizito, usione haya, hakuna aliyekucheka hapa. Huna ugonjwa. Teremsha vioo vyote viwili. Weka gari pembeni, zima, shuka, nenda mbali nalo, kaa kwenye upepo. Mvua ikunyeshee. Mjukuu wako anakuja kesho na atataka kukuona uko macho.

Wimbo siweki. Nitanyamaza kidogo hapa, nisikupigie kelele wakati unatafuta pa kusimama.